Usingizi wa Mama Mdogo

Mama mdogo aliletwa Bariadi kutoka Nkoma akiwa na malaria kali. Alikuwa ameendelea kuchuma pamba huku anatetemeka, akisema ni uchovu tu. Alipofika hospitali figo zilikuwa zimegoma, na kabla jua halijazama pumzi nazo zikamshinda. Wakampeleka wodi ya wagonjwa mahututi, wakampitisha mpira kooni na kumuunganisha na mashine ya kupumulia.

Mtu hawezi kuvumilia mpira ule akiwa macho, kwa hiyo walimlaza kwa dawa. Mimi nilidhani dawa ya usingizi ni moja tu. Kesho yake, nikiwa kando ya kitanda, nikamsikia daktari akimwambia nesi, "Hii tuiache, tumpe ile nyingine. Figo hazitoi kitu, hii itamkaa mwilini."

"Itamkaa vipi?" nikauliza.

Daktari, dada wa rika langu, hakukereka. "Mwili ukishaivunja, mabaki yake hutolewa na figo. Zikigoma, yanabaki, nayo pia yanalaza. Tukija kuikata, ataendelea kulala, na hatutajua kama ni dawa au ni ubongo umeumia."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo haitegemei sana figo. Ila inashusha presha, na ya kwake iko chini tayari. Tutampa kidogo kidogo."

"Ipi sasa inaponya?"

"Hakuna inayoponya. Tunachagua ile itakayompa nafasi."

Dawa mpya ilikuwa nyeupe pepe. Mama yangu, aliyekamua ng'ombe tangu utotoni, alipoiona ikishuka kwenye mrija alishtuka. "Mnamtia mdogo wangu maziwa kwenye mshipa?"

"Siyo maziwa, mayu," nesi akacheka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ni mafuta yaliyochanganywa na dawa."

Damu ya mama mdogo ikasafishwa kwa mashine, mara ya kwanza, kisha tena na tena. Presha iliyumba, wakapunguza dawa, ikapanda. Asubuhi moja wakaikata kabisa. Mama akainama sikioni mwake, akamsalimia Kisukuma, "Mwangaluka." Tukangoja. Macho yakafunguka, yakamtafuta aliyesalimia.

Baada ya siku kadhaa mfuko wa mkojo ulianza kujaa. Sikuwahi kuona watu wazima wakishangilia mkojo namna ile.

Nilimfuata daktari kwenye korido. "Kwa hiyo ile dawa nyeupe ndiyo iliyomwokoa?"

"Sijui. Huenda hata kwa ile ya kwanza angeamka. Huyu mgonjwa ni mmoja, hatuwezi kumlaza mara mbili tukalinganisha."

Jibu hilo halikuniudhi. Lilinizidishia hamu ya kujua.

Mama mdogo aliporuhusiwa, nilimkalisha kwangu nikamuuliza, "Kule usingizini kulikuwaje?"

Akanywa uji, akafuta mdomo. "Hakukuwa na kule, mwanangu. Nilifumba macho Nkoma, nikayafumbua namsikia mama yako. Katikati hapo hamna kitu."

Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akaomba sukari.