Mama Kidevu na Nyuso Zinazokataliwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye hereni kubwa anaitazama kompyuta ya chumba namba nne huku ameshika shingo yake kwa mikono miwili, kama anayehakikisha bado ipo.

"Shingo yangu iko wapi?" anauliza.

"Ipo, dada'angu, imejificha tu," mpiga picha anamjibu. "Rudi ukae. Shusha mabega. Kidevu juu kidogo... kidogo tena... hapo hapo, usipumue."

Kamera inalia. Mwanamke ananyanyuka, anainamia kompyuta, anaguna. Shingo imeonekana. Sasa shida ni mashavu.

"Na haya mashavu umeyatoa wapi wewe?"

Walio kwenye foleni mlangoni wanaangua kicheko. Mpiga picha hacheki. Anatoka nyuma ya meza, anazunguka na kusimama bega kwa bega na mteja wake, macho yote manne yakiwa kwenye picha. "Umekuja nayo, dada'angu, na utaondoka nayo. Kuna watu wanayatafuta mashavu hayo kwa dawa." Mwanamke anajaribu kununa, anashindwa, anatia sahihi kwenye fomu.

"Huyo ni wa saba kulalamika," mpiga picha anasema akirudi kwenye kiti chake. "Na chai bado sijaionja."

Katika kituo hiki cha vitambulisho wote humwita Mama Kidevu, kwa kuwa hajapita mtu mbele ya kamera yake bila kuambiwa ainue kidevu. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na moja kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki chenye pazia jeupe, taa mbili na kiti cha duara kinacholia kila mtu mnene akikikalia. Jina lake halisi limo kwenye beji anayoivaa shingoni, ila beji hiyo siku zote imegeuka, maandishi na picha vikitazama kifua chake. Ukimuuliza, husema utepe ndio unaojipinda.

Kwa hesabu ya kituo, watu mia moja na arobaini hupigwa picha kwa siku. Kwa hesabu yake yeye, wanaoridhika na sura zao hawajazi benchi moja.

Masharti si yake. Masikio yaonekane, kofia ivuliwe, miwani iwekwe kando, na kucheka ni marufuku. Lakini anayetukanwa ni yeye. Yupo dereva wa lori aliyedai amewekewa pua ya shemeji yake. Yupo bwana mwenye kipara aliyeuliza kwa sauti ya chini kama kompyuta haiwezi kumwongezea nywele, "za heshima tu, si nyingi." Yupo mama mmoja aliyekuja juu kama moto wa kifuu kwa sababu pacha wake alipigwa picha kwenye kiti hicho hicho akatoka mzuri, kwa hiyo ni dhahiri kuna upendeleo.

"Nilimjibu nini?" Mama Kidevu anakumbuka. "Nilimwambia, mama, mlete huyo pacha wako na yeye alalamike, tuwe sawa."

Utani huo hautoki kwa mtu asiyejali. Wanaofanya naye kazi wanasema hawajawahi kumsikia akipandisha sauti, na mwandishi wa makala haya, aliyekaa kona ya chumba chake siku mbili nzima, hakuisikia pia. Siri yake, akibanwa sana, ni huko kuzunguka meza.

"Mtu akiikataa picha, usibaki mbele yake. Ukibaki mbele, wewe ndiye adui," anasema. "Nenda kasimame ubavuni, muitazame pamoja. Hapo hata akitukana anaitukana picha, wewe na yeye mnakuwa wawili mnaosikitika."

Lakini leo, Jumanne, uvumilivu wake umewekwa kwenye mizani. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Utaratibu wa kituo unasema mfanyakazi wa mkataba akiandikiwa malalamiko matatu katika daftari ndani ya mwaka mmoja, jina lake hupelekwa kwenye kamati kabla ya mkataba kurefushwa. Mama Kidevu anayo matatu. Kamati ilikaa jana na barua inatarajiwa leo.

Si jambo dogo. Mume wake, fundi magodoro, aliumia mgongo miaka mitatu iliyopita na sasa hushona mito tu, tena akiwa amelala ubavu. Binti yao yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mshahara wa Mama Kidevu hulipa kodi ya vyumba viwili, dawa na nusu ya ada. Nusu nyingine huipata Jumamosi kwa kupiga picha za harusi na kamera ya kuazima. "Kazi hii ikiondoka, wa kwanza kurudi nyumbani ni mtoto," anasema, kisha anageuka haraka kuita, "Anayefuata!"

Lalamiko la kwanza liliandikwa na bwana aliyedai amenyolewa masharubu na kamera. Ilikuja kujulikana alinyoa mwenyewe asubuhi ile akasahau. La pili ni la bibi mmoja aliyeandika kwa wino mwekundu kwamba kamera ya kituo inabagua wanene. La tatu ndilo lililomkosesha usingizi, na liliandikwa na fundi saa.

Fundi saa ana miaka sitini na mmoja na kibanda chake kiko mitaa miwili kutoka kituoni. Ni mtu aliyezoea kuona vitu vidogo. Mara ya kwanza aliikataa picha kwa sababu ya sikio la kushoto. Ikapigwa nyingine. Baada ya wiki mbili akarudi akisema macho si yake. Ikapigwa ya tatu, na hiyo aliitazama nukta chache tu, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la malalamiko akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: *Mtu aliye kwenye picha hii si mimi. Mpiga picha huyu hafai.*

"Wenzangu waliniambia nimfuate kibandani nikamwangukie miguuni," Mama Kidevu anasimulia. "Nikasema sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Bado ana haki ya kupigwa picha ya mwisho. Akija atanikuta."

Alikuja Alhamisi moja, uso umekunjika. Mama Kidevu alimwekea kioo kidogo mkononi, kioo alichokinunua kwa pesa yake, akasimama ubavuni kwake.

"Baba, tazama kioo, halafu tazama picha. Nionyeshe tofauti na mimi niione."

Fundi saa alitazama kioo. Akatazama picha. Akarudi kwenye kioo, na huko akakaa muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Huyu ni mzee wangu," hatimaye alisema.

"Nani, baba?"

"Huyu hapa. Baba yangu mzazi. Angalia kunyanzi hii katikati ya nyusi. Alinifukuza nikiwa na miaka kumi na tisa, akiwa na kunyanzi hii hii. Sikurudi tena. Hata siku anazikwa sikwenda. Halafu leo mnaniletea sura yake mnasema nitembee nayo mfukoni!"

Bwana wa dawati la alama za vidole, lililo kwenye chumba hicho hicho, ambaye kituo kizima humwita Bwana Vidole, alikuwepo siku hiyo. Anasema aliacha kazi yake akageuka kuwatazama. Maji hufuata mkondo, na sura nayo hufuata mkondo wake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mama Kidevu hakumpa pole wala mawaidha. Alimrudisha kwenye kiti cha duara, akamfuta jasho la paji la uso kwa kitambaa.

"Baba, niambie saa iliyokusumbua kuliko zote."

"Saa gani?"

"Yoyote. Iliyokutoa jasho."

Fundi saa akafikiri. Akaanza kueleza habari za saa moja ya ukutani iliyomchukua siku tisa, kumbe ndani mlikuwa na punje ya mchele. Alipofika kwenye punje ya mchele, kamera ikalia.

Aliitazama picha ile ya nne kwa muda. "Bado ni yeye," alisema. Kisha akaongeza, taratibu, "Ila leo hana hasira."

Akaichukua. Akaomba na nakala moja ya ziada, akailipia.

Tatizo ni kwamba kilichoandikwa kwenye daftari hakifutwi. Fundi saa alibembeleza, akakataliwa. Alichoruhusiwa ni kuandika chini yake, naye akaandika. Mwandishi huyu ameonyeshwa mstari huo: *Kamera ni nzima. Mwenye hitilafu alikuwa mlalamikaji, naye ametengenezwa.*

Kibandani kwake, akiwa na lenzi jichoni, fundi saa hakuwa na maneno mengi. "Nimetengeneza saa za watu miaka arobaini," alisema. "Yule mama ndiye fundi. Wakimfukuza, wamefukuza fundi." Nyuma yake, juu ya kalenda, ilikuwa imebandikwa ile nakala ya ziada.

Mama Kidevu anaeleza yote haya bila kujisifu, na ukimsifu anatafuta kitu cha kufuta vumbi. Lakini anajua mtu anavyoumia kwa ajili ya sura. Mama yake alikuwa dobi, akifulia familia sita. Kila mtu alipomwambia akapige picha, jibu lake lilikuwa moja: nitapiga nikipata nguo nzuri. Nguo nzuri zilipita mikononi mwake kila siku, zote za wenyewe. Alifariki akiwa na miaka arobaini na saba, Mama Kidevu akiwa na ishirini.

"Siku ya msiba wakaniuliza, picha ya marehemu iko wapi? Nikazunguka kwa mashangazi, kwa majirani, kwa waajiri wake wote sita. Hakuna. Hata moja," anasema, na sasa sauti yake imeshuka. "Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa na mabaka ya sabuni. Sauti naikumbuka. Uso ulinitoka, polepole, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana mtu akiikataa picha yake nasikitika. Najua kuna mtoto wake ataihitaji."

Mwaka uliofuata msiba aliazima kamera kwa jirani na kuanza kuzunguka kwenye masoko akipiga picha wauza mboga. Wengi hawakulipa. Hakuacha.

Saa tano kasoro robo, mkuu wa kituo anaingia mwenyewe chumba namba nne. Ni mwanamke wa maneno machache, ana bahasha ya kaki mkononi. Bwana Vidole anaacha kidole gumba cha mteja juu ya mashine na kusimama. Mama Kidevu anapokea bahasha kwa mikono miwili, anaifungua, anasoma mstari mmoja, anaketi. Kiti cha duara kinalia.

"Miaka miwili," anasema.

"Kamati ilisoma daftari lote," mkuu wa kituo anasema. "Mstari wa chini pia."

Foleni, ambayo nusu yake ilikuja kulalamika, inapiga makofi. Mama Kidevu anajifuta macho kwa kitambaa kile kile cha kuwafutia watu jasho.

"Usianze kulia, kuna picha," mkuu wa kituo anamkumbusha. "Mkataba mpya, beji mpya. Ile ya zamani ina miaka kumi na moja."

Hapo ndipo mwenye kuwakalisha wengine anapokataa kukaa. Mara nywele, mara ushungi, mara kesho. Bwana Vidole anashika kamera kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Kumbe ndiyo maana beji inageuzwa! Nyani haoni kundule. Keti, mama. Shusha mabega. Kidevu juu kidogo..."

Chumba kizima kinaitikia kwa pamoja: "Kidogo tena!"

Kamera inalia. Mama Kidevu anazunguka meza, tayari ameshaandaa lawama mdomoni. "Yule aliyenipiga ya mwanzo aliniharakisha, na wewe sasa..." Anaiona picha. Hamalizi.

Anasogea karibu. Anagusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole, kwenye shavu, halafu kwenye kidevu.

"Nipige nyingine?" Bwana Vidole anauliza, sasa bila utani.

"Usiiguse," anasema. "Usiiguse kabisa. Mama huyu."

Hakuna anayecheka. Bwana Vidole, aliyefanya naye kazi miaka sita, anazunguka meza na kusimama ubavuni kwake, bega kwa bega, na wote wawili wanaitazama.

Saa tisa, foleni ikiwa imekwisha, beji mpya inaning'inia kifuani mwa Mama Kidevu ikitazama mbele. Ameomba nakala ya ziada na kuilipia kama raia mwingine yeyote. Anasema miaka hii miwili ataitumia kununua kamera yake mwenyewe, mwezi kwa mwezi, kidogo kidogo, mpaka binti amalize chuo. Baada ya hapo anataka chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye pazia la bluu badala ya jeupe, ambako wauza mboga, madobi na mafundi watapigwa picha na nguo zao za kazi, na kucheka kutaruhusiwa.

Picha ya kwanza ukutani ameshaichagua: hiyo ya beji, ikuzwe mpaka itoshe fremu kubwa.

"Watu wakiuliza ni nani, nitasema ni mama yangu," anasema, akiweka kitambaa juu ya kamera. "Na anayebisha, daftari la malalamiko nitaliweka mlangoni."