Ijumaa Niliyomzuia Wakesho Kupanda Ndege

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, harufu ya samaki wa chumvi akikaangwa na tangawizi ilipenya ukuta wa jasi ikaingia chumbani kwetu, nami nikajua Anti Ling yuko jikoni. Tuliishi mtaa wa Najma, Doha, katika jumba la zamani ambalo mwenye nyumba alilikata vyumba vyumba: familia moja chumba kimoja, familia nne jiko moja. Mama yangu alikuwa muuguzi. Baba alifariki nikiwa mchanga, na Mama alipopata kazi Qatar alikataa katakata kuniacha Taita. Anti Ling, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa Mchina wa Hong Kong. Alioka keki hotelini, na mumewe alitengeneza lifti za maghorofa. Nikisimulia haya watu hunitazama kwa huruma, eti maskini, mtoto wa kulelewa kwenye kichumba jangwani. Huruma hiyo wakae nayo. Nilikuwa na miaka tisa, na jumba zima hakuna aliyekuwa maarufu kunishinda.

Umaarufu huo niliupata kwa televisheni. Anti Ling alikuwa na katoni nzima ya diski za tamthilia za kwao. Waigizaji wanasema Kikantoni, na maandishi ya chini ni ya Kichina vilevile, kwa hiyo Mkenya au Mganda angekodoa macho mpaka yamtoke na asiambulie kitu. Lakini mimi nilishinda kwake kila siku baada ya shule nikimngoja Mama atoke zamu, na Anti Ling, huku akikunja nguo, alinieleza kwa Kiingereza kila lililosemwa. Ijumaa nilizihamishia diski chumbani kwetu, nikazitia kwenye deki, nikasimama kando ya skrini na mwiko mkononi badala ya kipaza sauti, nikawatafsiria walinzi, vibarua wa ujenzi na mayaya waliokuja kwetu kula ugali. Aliyekulia kwetu anawajua wale madijei wa mabanda ya video, wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakawapa mastaa majina ya nyumbani na kuwatia vinywani maneno ambayo hawakuyasema kamwe. Basi dijei wa Najma nilikuwa mimi. Muuza tambi nilimwita Mzee Mwakio, mkewe nikamwita Mama Tambi, na binti yao Wakesho.

Tamthilia yenyewe ilihusu duka lao la tambi, chini ya ghorofa kuukuu huko Hong Kong, mji usiotulia. Mabango ya taa za rangi yanashushwa barabarani moja baada ya jingine, kinyozi anahamia kwa mwanawe Kanada, muuza mitishamba anafunga duka la babu yake, na kampuni inataka kubomoa ghorofa ijenge mnara. Chumbani kwetu watu wazima walilia, wallahi. Odhiambo, mlinzi wa mnara mmoja kule ufukweni, pande la mtu, alikuwa akigombana na skrini: "Mzee Mwakio, usisaini! Wacha ufala, hao ni wezi!" Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini inauma. Nje ya dirisha letu tingatinga lilikuwa limekwisha kulaza nyumba tatu, na ukuta wetu ulikuwa tayari umepigwa alama nyekundu.

Jioni moja Mama alinikalisha chini akaanza kunisuka. Alisubiri mpaka nimempa kisogo kabisa ndipo akasema. Jumba linabomolewa, kazini wamempa usimamizi wa wodi, na cheo hicho kinakuja na chumba katika bweni la wauguzi, ambako watoto hawaruhusiwi. Ningerudi Wundanyi, kwetu Taita, kwa mama mkubwa baada ya wiki tatu. "Desemba nitakufuata," alisema, akaukaza msuko mpaka machozi yakanitoka, nami nikashukuru kwamba nina kisingizio cha kulia. Sikutaka kwenda. Mama mkubwa alikuwa mtu mwema, lakini mimi nilimtaka mama yangu, na sioni mpaka leo kwa nini jambo hilo lihitaji maelezo.

Ikasadifu kwamba wiki ileile Anti Ling alinionyesha sehemu ambayo Mama Tambi anampeleka Wakesho Kanada. Alinieleza kila neno, na sikulipenda hata moja. Ilipofika Ijumaa, nikiwa na mwiko wangu, niliamua kwamba Wakesho haendi mahali.

Kwenye skrini wakafika uwanja wa ndege. Nikatangaza kwamba Wakesho amekuja kumsindikiza binamu yake. Odhiambo akauliza sanduku ni la nani. La binamu. Na mbona analia? Ana mafua. Watu wakaangua kicheko, nami kichwa kikavimba. Wakesho akapita mlangoni, akapanda ngazi, akaketi dirishani na kufunga mkanda. "Dijei, huyu si ameingia ndege?" Nikasema anamsalimia rubani, ni mjomba wake. Chumba kizima kikavunjika mbavu, isipokuwa Mama. Mama alikuwa akinitazama mimi, si televisheni. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni, aliposimama Anti Ling na sahani yake ya samaki. Mama akamuuliza kwa Kiingereza: pale kabla ya kuagana, yule mama anamwambia nini mtoto?

Anti Ling aliniangalia, akaiangalia sahani. "Anamwambia atamfuata mwezi ujao," akajibu polepole. "Lakini anamdanganya. Anajua hatakwenda."

Niliutupa mwiko. "Na wewe unanidanganya! Siendi!" Nilimpigia Mama kelele mbele ya wageni, mimi, mtoto wa Kitaita niliyefunzwa kutomwinulia mkubwa sauti. Odhiambo aliinamia ugali wake. Mama akainuka, nikafumba macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Aliokota mwiko, akaufuta kwa kanga, akanirudishia. "Rudisha nyuma," alisema. "Sasa tafsiri alichosema kweli."

Nikarudisha. Nikatafsiri: Nitakufuata mwezi ujao, mwanangu, wewe tangulia tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka, akaenda kusimama jikoni peke yake mpaka wageni wakaaga. Kesho yake alikwenda kazini akakikataa cheo pamoja na bweni lake. Tulihamia Al Wakrah, nje ya Doha, chumba juu ya duka la dobi, joto lake Mungu anajua, na kwa miaka yote iliyofuata Mama aliamka gizani kuwahi basi la kazini. Wadogo zake kikazi walimpita wakawa wakubwa zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu wetu, kisha hao hao wakamsema Mama vikaoni kwamba alipoteza bahati kwa sababu ya deko la mtoto.

Leo nafanya kazi ya kompyuta Lusail, hapa hapa Qatar, na pale palipokuwa na jumba letu pana mnara wa vioo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nawajua waliounda, nimewapakulia ugali. Tamthilia za mji ule sasa naziona kwenye simu, na maandishi ya Kiingereza juu, na mji wenyewe umegeuka hata Anti Ling angepotea njia. Kisichogeuka ni ushauri. Ofisini wasichana wa kwetu wanaambiwa wawarudishe watoto nyumbani, ndiyo busara, ndiyo maendeleo, watazoea tu. Mimi nawaambia wasithubutu kama wana hata upenyo mmoja, na wanaoniona mchochezi waendelee kuniona. Niliongopa siku ile, na ningeongopa tena.

Mwezi uliopita nilimpigia Mama, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku Wundanyi, nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: je, alijuta? Kuku walikuwa wakipiga kelele nyuma yake.

"Nilijuta kila alfajiri nikingoja basi," alisema. "Ungeenda, leo ningekuwa nimestaafu na cheo changu, na binti wa kunitumia salamu tu."