Muziki wa Kukaa Chini

Watu wa hapa kwetu Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, wananiuliza mbona siku hizi sigombani tena na redio. Wananichokoza tu, maana wanajua. Stesheni yetu ilipobadilisha programu zake, hakuna mutu aliyepiga kelele kunishinda mimi. Nililalamika sokoni, nikalalamika kanisani, nikamlalamikia hata muuza samaki mmoja ambaye hana redio wala hataki kuwa nayo. Leo wanapiga muziki wa kutwa nzima, matangazo ya sabuni, vijana wanacheka wenyewe kwa wenyewe juu ya mpira, na mimi nakaanga vitumbua vyangu bila neno. Nimepoa, na kilichonipoza nitakieleza.

Stesheni yenyewe ni nyumba ndogo ya bati nyuma ya soko, lakini inasikika mpaka Kafutuma, na hewa ikiwa nzuri mpaka Mununga. Zamani asubuhi ilikuwa Kibemba, mchana habari za Kiingereza, na alasiri tulipewa saa nzima ya Kiswahili, sisi tuliovuka kutoka Kongo wakati wa vita, tukabaki hapa kulima mihogo na kuuza vitu vidogo vidogo. Mutangazaji alikuwa mutu wa kwetu, mzee mwenye sauti nzito ambaye kabla ya hapo alifundisha katekisimu. Watoto wangu walisema anasoma kama yuko kwenye mazishi. Niliwaambia wafunge mdomo.

Saa ile tuliipenda kwa sababu ya kominike. Kominike ni tangazo ambalo mutu analeta stesheni ili asomewe: fulani amefika salama, fulani anatafutwa na mke wake, mbuzi mweusi amepotea karibu na kanisa, fulani amefariki huko ng'ambo. Na yule mzee alikuwa na kanuni yake. Kominike ya watu walio hai na salama aliisoma moja kwa moja. Kominike ya kifo aliitangulizia kinanda, polepole, bila mutu wa kuimba, kwa muda wa kutosha mutu kuweka chini alichobeba. Alisema habari ya kifo isimkute mutu amesimama, ni kumkosea heshima.

Basi ule muziki ukianza, sisi wanawake tunakaa chini palepale tulipo, tunafungua kitambala kichwani, tunangoja jina. Likitajwa jina la ukoo mwingine, unafunga kitambala chako na kwenda kulia na wenzako. Likitajwa la kwenu, uko chini tayari. Tulikaa hivyo shambani, tulikaa hivyo kwenye bomba la maji, na kwenye soko la Kashikishi nilimwona mwanamke mmoja akikaa kwenye maji ya samaki na kitenge chake kipya. Majirani zetu Wabemba walituangalia tu. Mimi tumbo lilinikaza kila alasiri, miaka na miaka, na nikadhani huko ndiko kuipenda redio.

Halafu stesheni ikapata meneja mpya. Mzee wetu akaondoka, akaenda kukaa kwa binti yake Copperbelt, kule kwenye migodi. Saa ya Kiswahili ikakatwa. Kominike zilibaki, lakini zilichomekwa katikati ya nyimbo, zinasomwa kwa Kiswahili kidogo na Kibemba kidogo na musichana wa Mansa, aliyejifunza lugha yetu kwa kuwauzia Wakongomani vitenge. Nilivaa viatu vya kanisani nikaenda kumwona huyo meneja.

"Mama," akaniambia, kwa heshima zote, "batu banataka muziki."

"Na miye si mutu?"

Akacheka, akanipa soda. Niliinywa, maana joto lilikuwa kali, lakini sikumsamehe.

Mambo yalikuwa hivyo wakati mama yangu alipovuka ziwa kwenda Kilwa, ile ya Kongo, kumwona kaka yake aliyekuwa mgonjwa. Mama yangu ni mzee wa siku nyingi na simu hataki. Anasema hawezi kuongea na mutu asiyemwona, watu watasema ana wazimu. Mjomba alipopata nafuu, watoto wake walinipigia asubuhi kunijulisha kwamba mama amepanda boti ya wachuuzi wa samaki, nikampokee ufukweni Kashikishi. Mchana upepo ukaja. Si upepo wa mchezo: mabati yaliruka, na ziwa likageuka rangi ya udongo. Jioni boti haikufika. Asubuhi iliyofuata haikufika. Niliwauliza wenye mitumbwi pale ufukweni, wakanijibu huku wanaangalia maji, hawaniangalii mimi. Nikajua wanafikiri nini.

Sikuwa na pa kwenda isipokuwa stesheni, kwa watu walewale niliowatukana. Musichana wa Mansa alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikumbusha kitu. Akasoma: boti ya wachuuzi kutoka Kilwa, ndani kuna mama mzee mwenye kitenge cha kijani, yeyote atakayewaona, Mununga, Puta, popote pwani ya ziwa, atujulishe. Alisoma vizuri. Lazima niseme kweli, alisoma vizuri.

Nikarudi nyumbani, nikaiweka redio kwenye kiti mlangoni. Wanawake wa kanisa letu walikuja kunishika mkono, wakabaki na mimi. Redio ikaimba, ikauza sabuni, ikaimba tena. Alasiri wimbo ukakatwa katikati, na kinanda kikaanza.

Hatukuwa tumekisikia tangu mzee wetu aondoke. Wote tulikaa chini kwa pamoja. Siku nyingine tungengoja jina, lakini siku ile wote mle ndani tulikuwa tunamngoja mutu mmoja tu, jina la nini tena? Nilifungua kitambala. Mama mkubwa wa kanisa, anayeongoza vilio vyetu vyote, akaanza, na mimi nikafuata, na musichana akasema aliyoyasema redioni, hakuna aliyemsikia. Wanaume wakatoa mabenchi nje, wakawasha moto wa magogo, kama tunavyofanya kwenye kila kilio. Nilimlilia mama yangu. Nilimuuliza kwa nini aliniacha mimi bila hata kaburi la kufagia. Kuna maumivu mutu hawezi kuyasimulia, basi na hayo siwezi.

Tukiwa hivyo, jirani yetu mpya, Mubemba, mke wa mwalimu, akaja mpaka kwenye ua na kusimama. Hajui mila zetu, kinanda kwake ni kinanda.

"Mayo, mama zangu, munalilia nani?"

"Mama yake," mama mkubwa akamjibu, akinionyesha mimi. "Redio imesema."

"Redio gani? Miye nimesikia kwa Kibemba. Imesema mupepo ilisukuma boti mpaka Puta. Motere njo imekufa. Batu bote beko bazima."

Ati kilichokufa ni injini, watu wote wako hai! Tulimwangalia vibaya. Mmoja akasema huyu amechanganya habari, asituletee utani kwenye kilio. Jirani akashika kiuno. "Masikio yangu iko muzima, mukwai," akasema kwa adabu ya kwao, "na Kibemba njo luga yangu."

Nilitoka mbio kwenda stesheni. Mwanamke wa umri wangu akikimbia barabarani kichwa wazi, kila Mukongomani wa Nchelenge anajua ni nini, na wote walinipisha. Sikungoja kukaribishwa. Musichana aliponiona akavua vile vitu vya masikioni.

"Juu ya nini umepiga muziki ya kifo?"

"Kifo gani, Mama? Niliikuta mu kompyuta, imeandikwa kominike. Ni muziki muzuri. Nikasema leo kuko habari nzuri ya mama yetu, nipambe kidogo."

Nipambe kidogo. Nilitaka kumchapa na nilitaka kumbusu. Yeye akachukua simu, akampigia mvuvi wa Puta aliyeleta habari, akanipa niongee naye. Yule mutu akasema ndiyo, wako kwake, wanakula, wamechoka tu. Nikamuuliza kama yuko mama mzee wa kitenge cha kijani. Akashusha sauti.

"Eko. Anasema bukari yetu haikuiva. Anasema tangu jana."

Huyo alikuwa mama yangu. Pwani yote ya Mweru hakuna mutu mwingine atakayeokolewa majini halafu amuambie aliyemuokoa kwamba hajui kusonga ugali. Nilikaa sakafuni mwa stesheni nikalia na kucheka, na musichana akakaa sakafuni pamoja na mimi, bila kujua bado amefanya nini. Nikamweleza. Machozi yakamtoka. Akaniuliza kama basi aurudishe ule muziki kwenye kazi yake, uwe wa vifo tu, kama zamani, kama nilivyokuwa nadai siku zote.

"Futa," nikamwambia.

"Mama?"

"Futa kabisa. Mutu akifa, semeni amekufa. Tutakaa chini wenyewe."

Akaufuta mbele ya macho yangu, na hapo ndipo nilipojua tumbo langu lilikuwa limekazwa kwa muda gani. Lililegea. Niliweza kuvuta pumzi mpaka chini, na nikatembea kurudi nyumbani polepole, nikisalimia watu. Ndiyo maana sigombani na sabuni zao.

Nyumbani nilidhani tutakunja mikeka. Mama mkubwa wa kanisa akakataa. Mutu aliyeliliwa kwamba amekufa maji, akasema, kilio chake hakivunjwi kwa maneno ya simu. Kinavunjwa na macho, na mpaka macho yamuone hakuna atakayefunga kitambala. Kwa hiyo tulibaki vilevile, vichwa wazi, mabenchi nje, moto unawaka, ila sasa kwa chai na vicheko. Jirani yetu wa Kibemba tulimpa kiti kizuri kuliko vyote, akamsimulia habari yake kila aliyefika. Tulilala palepale.

Asubuhi lori la samaki la kutoka Puta lilisimama kwenye kona, na mama akashuka na kifurushi chake. Alikuja taratibu, goti moja linamsumbua. Sisi tulimwona kabla yeye hajatuona, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze vigelegele. Kisha yeye akainua macho. Akaona mabenchi, akaona moto, akaona wanawake kwenye mikeka bila vitambala.

 Akaweka kifurushi chini, akakaa palepale kwenye vumbi la njia, akafungua kitambala chake. Nywele zake zote nyeupe. Nilimkimbilia, nikapiga magoti mbele yake. Alinishika uso kwa mikono miwili, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu, yanawatafuta wajukuu, mmoja mmoja.

"Pole, mutoto wangu," akasema. "Nani ametuacha?"

"Ni weye, Mama."

 Akaangalia tena, safari hii polepole, mabenchi yote, na wanaume waliokuwa wamesimama, na wanawake mpaka wa mwisho kule ukutani.

"Kumbe mulikuya bengi kunililia," akasema, na sauti yake ikakatika.