Tulivyomrudisha Bibi Kwao

Mkutano mkubwa wa wageni ulipokaribia, halmashauri yetu ilikumbuka ghafla kwamba Arusha ina watu wanaolala barazani. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, ndiyo kwanza nimeajiriwa. Bosi alipotangaza mkakati kwamba kila asiye na makazi arudishwe kwao, nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Hakuna aliyeuliza kwao kukoje. Sambusa zilikuwa zimeshaletwa, tena za moto.

Nikapangiwa Ngarenaro. Kwenye baraza la duka moja la vipuri lililofungwa aliishi bibi wa Kimeru, mjane, mwenye mdomo usio na breki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunifukuza?"

"Nimekuja kukurudisha nyumbani."

Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Gari lipo?"

"Lipo."

"Basi twende. Sijawahi kupanda gari la serikali."

Alikaa mbele, mimi nikasukumwa nyuma na mabunda yake. Tulipoanza kupanda mlima, kila aliyemwona njiani alimpungia mkono kama mbunge. Dereva naye, mshenzi yule, akawa anampigia honi.

Kwao tulipokelewa na shemeji yake, mzee wa kanisa, amevaa gambuti na uso wa msiba.

"Huyu aliondoka mwenyewe," akasema.

"Niliondoka mwenyewe," bibi akajibu, "baada ya wewe kung'oa mlango wangu."

Nikaomba tuonyeshwe nyumba. Ilikuwa nyuma ya migomba, ukuta wake mzima kabisa. Ndani walikuwamo ng'ombe wa maziwa, mmoja ametoa kichwa dirishani, anatafuna majani huku akitutazama kama sisi ndio tuliokuja kuomba hifadhi.

Bibi akanigeukia. "Haya, afisa. Watoe wenye nyumba, niingie."

Nikampigia simu bosi.

"Mwache hapo hapo," akasema. "Mkakati unasema kwao."

"Bosi, kwao kuna ng'ombe."

"Wangapi?"

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, maana bibi alikuwa ameacha kutania. Alisimama akiushika mti mmoja wa kahawa, akasema aliupanda na marehemu mumewe. Kisha akarudi garini bila kuitwa.

Tulimpeleka ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa bado anatueleza kwamba taratibu haziruhusu, bibi akawa ameshaingia stoo na kujilaza juu ya mabango ya kukaribisha wageni. Alikaa humo mpaka wageni wakaja na wakaondoka.

Kwenye kikao kilichofuata niliambiwa nisome taarifa. Nikasoma kwamba bibi alirejeshwa, ila nyumba yake ina wapangaji wenye pembe. Madiwani wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Diwani mmoja mama ndiye aliyeacha kucheka mapema.

"Na wale wengine tuliowarudisha," akauliza, "wamekuta nini?"

Bosi akaanza kusoma chupa yake ya maji.

Mkakati ukarekebishwa: afisa aende kwanza kuona huko kwao, na aliyeporwa nyumba au shamba asaidiwe kufungua shauri. Bibi akapangishiwa chumba Elerai huku lake likisikilizwa. Mpaka leo linaahirishwa tu.

Juzi nilimtembelea, nikamkuta uani anagombana na mpangaji mwenzake kuhusu zamu ya kuosha choo. Anamfokea kwa Kiswahili, akizidiwa anahamia Kimeru. Nikavuta ndoo, nikakaa kusikiliza. Nilifurahi sana. Kule barazani hakuwa na choo cha kugombania.