Asubuhi Mama Alipofagia Nyayo

Kwanza ilikuwa filimbi. Ilipulizwa mbali, upande wa majaruba ya mpunga, ikajibiwa na nyingine karibu na reli, kisha ya tatu ikalia nyuma kabisa ya ukuta wetu. Nilikuwa bado ndani ya shuka, dirisha la mbao limefungwa, hata weupe wa alfajiri sijauona. Baada ya filimbi zikaja hatua za watu wanaokimbia pekupeku. Na katikati ya ghasia ile nikasikia sauti niliyoizoea kuliko zote: ufagio wa mama ukikwaruza mchanga wa mlangoni, shwa, shwa, shwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa mifugo ulipokithiri Shinyanga na wananchi wakaamua kujilinda wenyewe. Mji wetu ulikuwa na mitaa isiyofanana hata harufu. Pembezoni waliishi Wasukuma wenye ng'ombe, nyuma ya nyua za minyaa. Kando ya reli kulikuwa na nyumba za wafanyakazi wa treni. Sisi tulikuwa mtaa wa msikiti: wachuuzi na mafundi cherehani, watu wa pwani na wa Tabora. Lakini zamu ya ulinzi ilikuwa moja kwa wote. Baba yangu, fundi cherehani Mzaramo, alikwenda zamu na rungu la kuazima, akilishika kama anavyoshika rula ya kupimia kitambaa, na wenzake walimcheka hadi mapambazuko.

Sheria ya walinzi ilitoka kwa wafugaji. Nyayo za ng'ombe aliyeibwa zikiingia mtaani kwenu, ni juu yenu kuonyesha zilipotokea. Msipoonyesha, mwizi ni wenu. Na atakayeonekana amezificha hutengwa: hasalimiwi, hauziwi, hanunuliwi kitu, haombwi moto wala haombi. Wengine waliiogopa adhabu hiyo kuliko viboko. Mama alikuwa akikaanga vitumbua kila asubuhi, na wateja wake walitoka mitaa yote mitatu.

Nilipofungua mlango niliwakuta wamejaa mbele ya nyumba, pinde mabegani. Mbele alisimama kamanda wa zamu, na kando yake mwenye ng'ombe, mzee mrefu aliyejifunga shuka, miguuni katambuga za tairi. Walikuwa wamezifuata nyayo tangu zizini kwake, kwato baada ya kwato, mpaka pembe ya ukuta wetu. Hapo zilikoma. Kuanzia pale mchanga ulikuwa laini kama unga, mistari ya ufagio imelala juu yake kama nywele zilizochanwa.

"Nani kafagia hapa?" kamanda aliuliza.

"Mimi," mama alisema. "Kwani kwenu hamfagii?"

"Filimbi zinalia, wewe unafagia?"

"Filimbi zikilia watu watakuja. Watu wakija, wakute mlango mchafu?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Wale walikuwa watu ambao, filimbi ikilia, hata kuku humfungia ndani asivuruge ardhi. Mama alikuwa mtu ambaye, ghasia ikitokea, hukimbilia ufagio. Walikuwa wamepakana miaka mingi bila kulijua jambo hilo dogo.

Baba alitoka, kofia mkononi, akamwinamia mzee. "Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma chake cha kujifunza dukani.

Mzee hakuitikia. Sijawahi kusahau ile salamu ilivyobaki hewani, haina pa kutua.

"Mkutano utakaa jioni," kamanda alisema. "Mpaka hapo, hakuna kuuziana na nyumba hii."

Jirani yetu kutoka nyumba za reli alikuwa amekwishafika na bakuli lake la vitumbua. Alilitazama bakuli, akamtazama mama, akarudi nyuma taratibu na bakuli tupu. Vitumbua vilikuwa vinaungua jikoni, na mama, ambaye hakupata kuunguza hata kimoja, hakugeuka.

Mzee alimsogelea mama.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "ulifagia kuanzia wapi?"

"Ukutani hapo, mpaka mferejini."

"Na taka?"

"Shimoni. Pamoja na mavi ya ng'ombe wenu, nimeyazoa kwa sepetu. Na hayo mmeniletea asubuhi yote hii!"

"Mavi yalikuwa wapi?"

Mama alinyoosha mkono, bado ana hasira. Hakuonyesha mlangoni petu. Alionyesha ukingoni mwa mfereji, upande wa njia iendayo Kolandoto.

Kabla hajaushusha mkono watu walikuwa wameshakimbia. Wakaruka mfereji. Ng'ambo ya pili, ambako ufagio wa mama haukuwahi kufika, sauti ikapaa: "Zimetoka! Zimetoka hapa!"

Nilimwona baba akivaa kofia yake. Aliivaa upande upande, akaivua, akaivaa tena.

Mzee alipiga goti karibu na nyayo zile akazitazama kwa muda mrefu. Huku nyuma ardhi ilikanyagwa na kila mtu. Pale ilikuwa safi, kwato tupu zimepangana kwa mwendo wa mnyama asiye na haraka. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Hakuna unyayo wa mtu," alisema. Kisha akakaa chini kabisa, mtu mzima yule, akashika kichwa. "Anarudi kwao. Ndiye yule wa mahari ya binti yangu. Wameniletea juzi juzi tu, kutoka Kolandoto. Hakuibwa. Kaniacha mwenyewe!"

"Ng'ombe kaikataa ndoa!" mtu akapiga kelele. "Basi mzee, mrudishe binti!"

Kicheko kilichopasuka pale kilivuka mfereji kikatupitia sote, kikamfikia hata kamanda, ambaye alijaribu kukizuia kwa kukohoa. Jirani wa reli akarudi na bakuli lake. Mama akamjazia, vilivyoungua na vyote, naye akala kimoja palepale kana kwamba ni asali.

Baada ya adhuhuri ng'ombe alipitishwa mbele ya nyumba yetu kwa kamba ya katani, mwekundu, mnene, hana aibu yoyote. Mzee alimfunga kwenye nguzo ya baraza, akabisha hodi, akaingia. Alisimama mbele ya baba.

"Mwadila," alianza yeye, kwa salamu ya mchana.

"Mwadila," baba aliitikia.

Mama alitoa sukari aliyoificha kwa ajili ya Idi, akamtilia mgeni chai tamu. Wakala vitumbua vilivyobaki. Wakacheka.

"Ninyi Wazaramo," mzee alisema akijifuta mdomo, "mkisikia vita mnachukua ufagio!"

"Na ninyi Wasukuma mnachukua pinde kumsaka bibi harusi!" baba alimjibu.

Alipoinuka kuondoka, ufagio ulikuwa umeegemea mlangoni. Aliutazama, akamtazama mama. "Mayu, usifagie mpaka nifike kwangu."

"Kwetu hatufagii nyuma ya mgeni, baba. Ni kumfukuza."

Mzee aliinama kupita chini ya kizingiti, akafungua kamba. Mama alisimama akiangalia alama za katambuga na za kwato zikijiandika sambamba juu ya mchanga wake laini, mpaka wakapinda kwenye pembe ya ukuta. Akauingiza ufagio ndani. Kisha akaurudisha mlango, polepole, akaufunga.