Hodi Nyumbani Kwetu

Mjukuu wangu alirudi kwetu Kibokoni na begi moja tu, macho yameingia ndani. Mumewe alikuwa na mtindo wa kufungua mlango kwa teke, na kila teke lilikuja na lake. Mengine sisemi. Kwetu hakuna wa kumgusa, lakini mlango ukilia tu, kikombe kilimtoka mkononi. Alikula akiutazama mlango. Vikombe vyangu vya harusi vikaanza kwisha.

Waliosoma katika ukoo walimtafutia mama mshauri wa kuzungumza naye, na kulimfaa. Ila jioni alirudi nyumba ile ile, na uani kwetu ni kama njia ya sokoni, kila mtu hujipenyeza tu. Basi nikatoa amri: haingii mtu chumba chochote alimo mtoto huyu, hata jikoni, mpaka apige hodi naye ajibu karibu.

"Hodi nyumbani kwangu?" mume wangu akang'aka. "Nyumba niliyoijenga?"

"Uliirithi. Toka, upige hodi."

Akatoka, maskini.

Jirani, shoga yangu, aliyezoea kufunua sufuria zangu kabla ya salamu, alisusa. Harufu ya samaki wa kupaka ikamrudisha. "Hodi, ikulu!" akaita kwa kejeli. Akasimama nje hivyo hivyo.

Mwanzo ile karibu ya mjukuu wangu ilikuwa nyembamba, hata masikio yangu mazima hayakuipata. Tukangoja kwenye ujia kama waombaji. Mume wangu akaanza kupiga hodi kwa mbwembwe, anakohoa kwanza: "Hodi! Ni mzee asiye na meno, silaha yangu njaa!" Siku moja tukamsikia mtoto akicheka huko ndani. Mzee akavimba kichwa, mpaka leo hajapungua.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Ijumaa. Nimebeba sinia la mahamri na birika la chai, mpini unaniunguza.

"Hodi!"

"Subiri kwanza, nyanya."

Mimi! Niliyetunga sheria!

"Mahamri yanapoa!"

"Na yapoe."

Mume wangu akapita, akaniona. "Umefungiwa nje, bibi mkubwa?"

"Nyamaza. Shika birika, tungoje."

Tukangoja, wazee wawili na chai yetu, nami raha imenijaa hata vidole nimevisahau. Hatimaye akaita, "Karibuni!" kwa sauti ya kusikika barazani.

Tulimkuta anachana nywele, anaimba puani, mgongo kaupa mlango.