Maneno Ambayo Kinyago Hakuyasema

Wilkista Nakhumicha alikuwa na miaka thelathini na mmoja alipopewa kipaza sauti. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha miaka sita bila cheti katika shule moja ya msingi upande wa Sirisia. Walimu wenye vyeti walipoletwa aliambiwa asante, akafunga nguo zake akamfuata shangazi yake Kitale. Aliuza nyanya kando ya barabara mwaka mzima, mpaka siku Gicheru alipomsikia akiwasimulia wachuuzi wenzake habari za harusi iliyovunjikia kanisani. Gicheru alikuwa na kibanda cha video pembeni mwa Kipsongo, mabati pande zote, mabenchi kumi na manane na televisheni moja kubwa. Mtu wake wa kutafsiri filamu alikuwa amehamia Eldoret.

"Madam," Gicheru alimwambia, "hiyo mdomo yako inaharibikia kwa nyanya bure."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Filamu inaongea Kiingereza cha mbio, na watu kwenye mabenchi wametoka kupakua mahindi na kubeba mawe, hawana haja na Kiingereza. Wilkista alikaa kwenye stuli ndefu kando ya televisheni na kuwaongelea watu wa filamu, kila mmoja kwa sauti yake. Polisi aliwapa sauti ya mhubiri. Majambazi aliwapa Kiswahili cha wauza ng'ombe wa Lwakhakha, "l" na "r" zikibadilishana viti, na kibanda kilicheka mpaka mabati yakalia. Baada ya miezi michache watu hawakuuliza tena leo kuna filamu gani. Waliuliza kama madam yuko.

Mnamo mwaka wa 2007 Gicheru alileta diski za filamu moja ya mfululizo, vipindi vingi ajabu. Habari zake zilikuwa za mji usiokauka mvua, ambako majambazi walikuwa wamenunua kila mtu, na mwanamume mmoja aliyeuliwa ndugu yake akaamua kujifunika uso kwa ngozi nyeusi na kuwawinda mmoja mmoja. Hakuruka angani wala hakushika moto. Nguvu zake zilikuwa masikio. Alisikia moyo wa mtu ukidunda nyuma ya ukuta. Watu wa Kipsongo walimwita Kinyago, na jina likashika.

Wilkista aliipenda filamu ile kuliko zote alizowahi kuzitafsiri. Kila asubuhi, kabla ya watu kuja, alikaa peke yake akatazama vipindi vya siku hiyo ili ajitayarishe, na wakati mwingine alisahau kwamba yuko kazini. Alipenda kwamba Kinyago alichoka. Katika filamu nyingine shujaa anapiga watu ishirini na shati halitoki suruali. Huyu alipigana na wawili tu, akaegemea ukuta, akahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Alijishona kidonda jikoni kwake mkono ukitetemeka, na filamu ikakaa pale pale, haikugeuza macho. Wilkista alimpenda pia mkubwa wa majambazi, mtu mnene mpole aliyempikia mama yake mchuzi kila Jumapili na kumpangusa mdomo. Ukimwona hivyo, halafu ukamwona anachofanya Jumatatu, mwili unasisimka.

Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu haachi kusahihisha. Alimwambia Gicheru walipokuwa wakipangusa mabenchi, "Hii kitu ni nzuri, lakini katikati inalala. Vipindi vinne wanaongea tu kwa ofisi. Na kila mwanamke anayependwa anakufa, ndio Kinyago apate hasira. Ati hakuna mwanamke wa kubaki hai?"

"Watu wanalipa kuona ngumi, madam."

"Na wale wanauawa? Hakuna hata mmoja anazikwa. Mimi nimehesabu. Hakuna matanga."

Gicheru alicheka akaendelea na kitambaa chake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Kinyago alilifanya karibu kila kipindi. Akimkamata mtu, alimpandisha juu ya gorofa, akamning'iniza kichwa chini kwa mguu mmoja, na kungoja. Hakusema neno. Ilisikika mvua, na ule moyo ukidunda, mpaka yule mtu akalia na kutaja wenzake. Wilkista alijua, alipokuwa akitazama peke yake asubuhi, kwamba hapo ndipo filamu ilipokuwa na nguvu kushinda mahali popote. Ulikuwa ukimya wa kuogofya. Unajiuliza kama huyu bado ni mtu.

Lakini ukimya kwenye kibanda ni hasara. Mara ya kwanza alipouacha, vijana wa nyuma walipiga miluzi. "Madam amelala!" Basi mara ya pili akajaza. Alivuta sauti ya chini kabisa, ya kifuani, akasema, "Sema, au ardhi ikusemeshe!"

Kibanda kililipuka. Derrick, kijana wa kuosha magari aliyekaa benchi la mbele kila siku, alisimama na kupiga mabati kwa ngumi. Kuanzia hapo, mtu akining'inizwa, mabenchi yote yalisema pamoja naye. Wilkista alisikia raha. Ni neno lake, halikuwa la mzungu yeyote.

Mwezi wa nane alianza kuja mtu mmoja mgeni, Kibiwott. Alikuwa ametoroka mlimani, upande wa Mlima Elgon, ambako mwaka huo watu wenye bunduki walikuwa wakichoma nyumba. Alikuja na mkewe Cheptoo, watoto watatu na redio, kwa kuwa redio ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Alisukuma mkokoteni sokoni, na siku ambazo hazikuwa na mizigo aliingia kibandani, akakaa karibu na mlango, kofia mkononi.

Siku moja Kinyago alipomning'iniza mtu na kibanda kikapaza sauti, Kibiwott alisimama akatoka. Wilkista alimwona. Filamu ilipoisha alimkuta nje amechutama kando ya mtaro.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana, mama. Huyo mtu anafunika uso. Ni mtu mzuri?"

"Ndiye shujaa. Anapiga wabaya."

"Kwetu walikuja wamefunika uso. Walimuuliza ndugu yangu, wenzako wako wapi. Hakukuwa na wenzake. Sasa angesema nini?" Alivaa kofia. "Kwa video, kila mtu anashikwa ako na kitu ya kusema. Kila mtu. Hiyo ndiyo uongo yake."

Wilkista alirudi ndani akakaa kwenye stuli. Katika masahihisho yake yote, hilo lilikuwa limempita. Alijiuliza kama angeweza kuuacha ukimya ule jinsi ulivyokuwa. Siku iliyofuata kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama, Derrick na wenzake mbele, na mtu aliponing'inizwa Wilkista akavuta pumzi, akasema maneno yale yale. Hakupata ujasiri wa kuyaacha. Kibiwott hakuja tena.

Wizi ulikuwa umezidi mtaani wakati huo. Paneli ya sola ya mtu, jiko la mtu, kuku. Derrick na vijana wengine wanne walianza kuzunguka na vitambaa vyeusi usoni, na wazee wakawasifu kwamba angalau kuna mtu anafanya kitu. Wakajiita Vinyago.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, Wilkista alikuwa njiani kwenda kazini aliposikia kelele kwenye jengo la gorofa mbili ambalo halijamalizwa kujengwa, karibu na wauza mbao. Watu walikuwa wamesimama chini wakitazama juu. Alitazama na yeye. Kule juu, kwenye ukingo wa zege, vijana wawili wenye vitambaa walikuwa wamemshika mtu miguu, kichwa chini. Chini mchangani palikuwa na redio imefungwa kwa gunia. Mtu mmoja alisema imeibwa, wamemkuta nayo akienda mbio. Aliyening'inizwa alikuwa Kibiwott, na redio ilikuwa yake, akiipeleka kwa fundi.

"Ni ya kwangu!" alisikika akilia. "Ni ya kwangu, ni ya kwangu!"

Halafu sauti ya chini, ya kifuani, iliyoigizwa vizuri sana: "Sema, au ardhi ikusemeshe!"

Na watu waliokuwa chini, wengine wao watu wa mabenchi, wakaitikia.

Wilkista alipaza sauti. Baadaye hakukumbuka alichosema. Alisukuma watu, akafika chini ya ukuta, akaita, "Derrick! Derrick, mimi ni madam, mrudishe!" Kijana mmoja aligeuka kutazama aliyeita. Suruali ya Kibiwott ilikuwa kuukuu. Ilichanika, na mguu mmoja ukatoka mikononi, na yule kijana wa pili peke yake hakuweza kumzuia.

Haikuwa juu sana. Kinyago aliwaning'iniza watu kwenye gorofa ya thelathini wakarudi nyumbani wakitembea. Kibiwott aliishi siku tisa hospitalini, kuanzia shingoni kushuka chini mwili hauna habari, akafa siku ya kumi kabla ya mchana.

Vijana wote walikimbia isipokuwa Derrick. Derrick alikutwa ameketi kule juu, kitambaa mkononi, akisema, "Hakuanguka hivyo. Hawaangukangi hivyo." Wilkista alikwenda mwenyewe kituoni kuandikisha ushahidi. Alieleza yote, kisha akamwambia askari kwamba ameacha jambo moja. Yale maneno aliyoyasema kijana ni ya Wilkista mwenyewe. Yeye ndiye aliyeyatunga, hayamo kwenye filamu.

Askari aliweka kalamu. "Mama, wewe ulimshika mguu?"

"Hapana."

"Basi hiyo si yangu kuandika."

Derrick alifungwa. Gicheru alifunga kibanda wiki mbili, akafungua tena na mtafsiri mwingine, na diski zile zile. Alimtumia Wilkista ujumbe arudi. Hakujibu. Alirudi kwao, akapata kazi ya kuangalia watoto wa nasari pale Bungoma mjini. Watu waliojua kazi yake ya zamani walimwomba awasimulie Kinyago, na alikataa. Ila mara moja mwalimu mwenzake, Ivy, alimuuliza kama ile filamu ni mbaya.

"Si mbaya," Wilkista alimjibu. "Ilitengenezwa na watu wanaojua kazi. Ungeona vile mtu anajishona. Lakini inamtesa mtu na haikosei hata mara moja. Na mahali ambapo ilijiogopa yenyewe ikanyamaza, mimi nikaisaidia kuongea."

Ivy hakuelewa, na Wilkista hakurudia.

Mwaka uliofuata alisikia kwamba Cheptoo anaishi Bungoma hiyo hiyo, anafulia watu nguo. Alikaa na habari hiyo mwezi mzima. Kisha alasiri moja akaenda. Alimkuta mbele ya chumba cha kupanga, beseni miguuni, mikono kwenye povu. Alijitambulisha. Akamweleza, amesimama, habari za kibanda na stuli na neno lile, bila kujitetea. Cheptoo aliendelea kufua mpaka akamaliza.

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa chini."

"Walimuuliza nini?"

"Walimwambia aseme."

"Na yeye akasema nini?"

"Alisema, 'Ni ya kwangu.' Alirudia mara nyingi."

Cheptoo alikamua shati, akalikung'uta. "Basi alijibu," alisema. "Watu walisema alikufa amenyamaza kama mwizi. Kumbe alijibu."

Wilkista alitaka kuomba msamaha. Neno lilikuja mpaka mdomoni na likaonekana kuwa la kibandani, neno la kujaza kimya. Aliliacha. Walikaa hivyo, mmoja akianika, mwingine akimpa vibanio, bila kuongea, mpaka kamba ikajaa.

"Sasa enda," Cheptoo akasema, bila kumtazama. "Watoto wanatoka shule saa hii. Sitaki wakukute."